Wanapanda Ndege Kuja Kuchukua Mtoto. Sisi Je?

Ndugu zangu, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo huwa tunalisema kwa kunong'ona. Familia ya Ulaya au Marekani inapanda ndege, inafika Afrika, inarudi kwao na mtoto. Wengine wetu tunapiga makofi: "Mtoto kapata bahati!" Wengine tunalaani: "Wanatuibia watoto!" Mimi nasema kelele zote mbili hazimsaidii mtoto aliyeko Nkwenda au Nyaishozi ambaye usiku huu hajui atalala wapi.

Tuanze na sheria, maana wengi tunaongea bila kuijua. Kuna watu wanaamini kwamba Mzungu akiwa na pesa anaingia kwenye kituo cha yatima, anachagua mtoto, anaondoka naye. Tanzania haiko hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile sheria ya kuasili tuliyoachiwa na Mwingereza, iliweka masharti mazito kwa asiye raia. Awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo. Awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua miezi 3 chini ya macho ya Afisa Ustawi wa Jamii. Asiwe na rekodi ya uhalifu. Mamlaka za kwao zimdhamini kwamba anafaa. Na kubwa kuliko yote, Mahakama iridhike kwamba mtoto huyo hawezi kupata familia wala malezi yanayofaa akiwa hapahapa Tanzania.

Kuna wanaosema miaka 3 ni ukatili, kwamba ni kumnyima mtoto maisha mazuri. Mimi siko upande huo. Sababu zangu haziko mbali, ziko ng'ambo ya mto.

Ukisimama Murongo, wilayani Kyerwa, unaitazama Uganda. Mto Kagera tu ndio unaotutenga. Uganda nayo ilikuwa na sharti la miaka 3. Lakini kulikuwa na mlango wa nyuma: mgeni aliomba tu amri ya kuwa mlezi wa kisheria, akaondoka na mtoto, akamalizia kuasili akiwa kwao. Watoto wengi waliondoka kwa mlango huo mpaka Bunge la Uganda lilipourekebisha mwaka 2016. Agosti 2020 Serikali ya Marekani yenyewe iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mshirika wake kwa tuhuma za biashara ya kuasili watoto. Inaelezwa kwamba wazazi wa vijijini waliambiwa watoto wao wanakwenda Kampala kusomeshwa na wafadhili. Kumbe walikuwa wanaandaliwa safari ya Marekani!

Sasa jiulize, kwa nini watoto wenye wazazi waliitwa yatima? Sababu mojawapo iko kwenye viza. Kwa nchi zisizo kwenye Mkataba wa Hague wa mwaka 1993, na Tanzania haimo, sheria ya uhamiaji ya Marekani kwa kawaida inataka mtoto anayekuja kuasiliwa awe "yatima" kwa tafsiri yao. Mtoto aliyebaki na mzazi mmoja asiyeweza kumtunza anaweza kuhesabiwa yatima. Palipo na pesa, na palipo na karatasi inayotaka yatima, yatima atapatikana tu. Hata kama mama yake yuko shambani anapalilia maharage.

Tazama pia Malawi. Mwaka 2006 mwanamuziki Madonna alimchukua mtoto David Banda kutoka kituo cha Mchinji. Mama yake alikuwa amefariki, ila baba alikuwa hai. Mwaka 2009 alirudi kuomba mtoto wa pili. Mahakama ikamkatalia mwezi Aprili kwa sababu hakuwa mkazi wa Malawi, halafu mwezi Juni Mahakama ya juu zaidi ikakubali. Sina nia ya kumhukumu mama huyu. Ninachoshangaa ni hiki: katika kelele zote zile, ni wangapi waliuliza ingegharimu kiasi gani kumsaidia yule baba kumlea mwanawe?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kwetu kuna kulea, na kwa Wazungu kuna kuasili. Tunadhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo!

Mzee wa Bugene akimwambia mtu, "Mchukue huyu mtoto ukamsomeshe," maana yake ni kwamba mtoto ataenda, atasoma, atakuwa mtu, na nyumbani atabaki kuwa wa nyumbani. Jina la ukoo halimtoki. Anaujua muziro wake, kwa hiyo anajua asile nini na asioe wapi. Akifiwa ataitwa, na msiba wa kwao ukiwa mkubwa atakaa na wafiwa. Lakini amri ya kuasili inakata. Kuanzia siku hiyo kisheria yeye ni mtoto wa wazazi wapya, kana kwamba walimzaa wao. Mzee anaweka dole gumba kwenye karatasi akidhani amekubali shule, kumbe ameagana na mjukuu. Hakuna aliyemdanganya kwa neno hata moja, labda. Ila neno lenyewe lilikuwa na maana mbili.

Karagwe tunapaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwaka 1994 na baada yake tulikuwa na kambi za wakimbizi wa Rwanda, Chabalisa, Omukariro na nyinginezo, mpaka waliporudishwa kwao kufikia Desemba 1996. Enzi hizo Kyerwa ilikuwa bado ni Karagwe. Watoto wengi wa vita ile walipotezana na wazazi njiani. Ukimwona mtoto wa miaka 4 peke yake kambini utasema huyu ni yatima. Lakini mashirika yalipoandika majina na kutafuta, maelfu walipata ndugu zao. Ndiyo maana Oktoba 1994 wakuu wa Mkataba wa Hague walipendekeza kwamba mtoto mkimbizi asiasiliwe kabla ndugu zake hawajatafutwa ipasavyo. Kuna watoto wa Rwanda waliopelekwa Italia mwaka ule kuokolewa na mauaji. Vita ilipoisha, baadhi ya wazazi waliokuwa hai waliwataka, lakini watoto walishapewa familia za kule. Walioleta ndege ile walikuwa na nia njema. Nia njema haikumrudisha mtoto kwa mama yake.

Kwa hiyo naunga mkono miaka 3. Mgeni akae, ajue mtoto anatoka wapi, aijue lugha anayoombolezwa nayo marehemu mama yake. Asiyeweza kukaa, atafute njia nyingine ya kusaidia.

Hapo najua mnapiga makofi. Basi subirini kidogo, maana upande wa pili ni wetu.

Sheria inamwambia mgeni asubiri miaka 3. Mtoto atakuwa anakula nini? Jibu letu la haraka ni "ukoo upo." Upo kweli. Kagera ndiyo mkoa ambao UKIMWI uligunduliwa kwa mara ya kwanza Tanzania, mwaka 1983, na kama si mabibi na mashangazi waliobeba watoto wa marehemu, sijui tungekuwa wapi leo. Heshima yao haitaisha.

Lakini ukoo nao una mambo yake. Watafiti waliofuatilia kaya za Kagera tangu mwaka 1991 waliwatafuta tena mwaka 2004 watoto ambao mwanzoni walikuwa na wazazi wote wawili. Waliofiwa na mama utotoni walikuwa wamepungukiwa karibu sentimita 2 za urefu na karibu mwaka mmoja wa shule. Urefu, ndugu zangu! Ni sahani ya chakula iliyoandikwa mwilini. Na wengi wa watoto hawa walikuwa kwa ndugu.

Mtu anafariki, kabla ya arobaini baba mdogo ameshahamia kwenye kibanja. Migomba na kahawa ni vyake, mtoto wa marehemu anapewa jembe na kazi ya kuchunga mbuzi. Huyo naye tunasema "analelewa na ukoo." Sheria ileile ya 2009, kifungu cha 10, inakataza mtu kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Ni wangapi tumewahi kukisoma kifungu hicho kwenye kikao cha msiba? Tunamwogopa Mzungu atakayemchukua mtoto, hatumwogopi baba mdogo atakayechukua shamba la mtoto!

Mimi napendekeza mambo machache tu. Moja, kikao cha ukoo baada ya msiba kiandike: mtoto fulani atakaa kwa fulani, kibanja cha baba yake mipaka yake ni hii, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Mbili, cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti ni rahisi kumwandikia historia yoyote. Tatu, Watanzania wenzangu wenye uwezo, hasa wanandoa ambao hamjabahatika kupata mtoto, nendeni Ustawi wa Jamii mkaulize kuhusu malezi ya kambo na kuasili. Tunaona aibu, tunasema damu ya watu itatuletea mikosi. Halafu akija mgeni asiyeogopa hiyo damu tunakasirika.

Na ninyi ndugu zetu mlioko nje mnaotaka kumchukua mtoto wa marehemu dada yenu, fanyeni kwa njia ya mahakama, mchana kweupe, na mwelezeni bibi yake maana ya kila karatasi. Na wewe rafiki wa kigeni ambaye unasoma haya kwa kusaidiwa, nauli ya familia nzima kuja na kurudi inaweza kumweka mtoto huyu kwa bibi yake, ameshiba, ana sare na daftari, kwa miaka mingi. Hatakuita baba. Lakini atakuwa kwao.

Yuko mtoto ambaye kweli hana mtu, ukoo umetafutwa na haukupatikana. Huyo, mgeni aliyetimiza masharti akimpenda, ampe jina na nyumba, nami nitamwombea heri. Lakini tufike kwake baada ya kutafuta, siyo kabla. Na kutafuta ni kazi yetu, si ya mtu wa ndege.

Hayo ndiyo maoni yangu. Tutafakari pamoja.