Kitabu si kisingizio

Mwandishi mmoja anadai wanafunzi wa Bukoba na Muleba wanafeli kwa uvivu wa walimu. Uhaba wa vitabu, anasema, ni kisingizio tu. Anajiegemeza kwenye utafiti wa KiuFunza wa 2013 na 2014, katika shule 350 za msingi nchini Tanzania: ruzuku kwa shule, ya vitabu na vifaa, peke yake haikupandisha alama. Kweli. Lakini amekatisha habari njiani! Ruzuku ilipoambatana na bonasi kwa walimu, alama zilipanda, tena zaidi kuliko palipotolewa bonasi tupu. Mweke basi mwalimu hodari kisiwani Bumbire, huko Muleba, wanafunzi watano wakigombea kitabu kimoja. Kipindi kinaishia kunakili ubaoni, na jioni mtoto hana cha kusoma nyumbani. Huo ni uvivu wa nani?