MAMBO YA NYUMBANI: Cheo cha Askari

Nyumba nyingi za Mara zina kijana jeshini, na wazazi hutamani sana kusikia kwamba ameongezwa cheo. Twapenda basi kuwakumbusha sisi wa Kabasa habari za David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, jirani zetu. Aliingia jeshi la Keya mwaka 1942, askari wa kawaida. Katika vita vya Uganda, mwaka 1979, aliongoza Divisheni ya 20. Na mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi. Tangu kuingia hata kufika huko ni miaka 38.

Cheo huja polepole. Haifai, basi, kumwuliza kijana katika kila barua, “Umepata nini?” Wala haifai kuutaka mshahara wake wote. Na lililo baya zaidi ni kumletea aliye vitani habari za ugomvi wa shamba, au za mkewe kunyimwa chakula. Moyo wake hugawanyika, naye aweza kupoteza hata uhai.

Limeni shamba lake, mtunzeni mkewe, wapelekeni wanawe shuleni. Kisha mwandikieni hayo. Hatusemi afichwe msiba: na aambiwe kweli, pamoja na yale mliyokwisha kuyatengeneza. Asiyejua kuandika na amwendee mwalimu, na mwalimu asidai malipo.

Tena, akirudi hana cheo, mpokeeni kwa heshima ile ile.