Nchi na Sauti Yake: Muziki wa John Barry katika Filamu za Afrika

Toleo hili la jarida, linalotayarishwa Mfaranyaki katika Manispaa ya Songea, limetengwa kwa ajili ya muziki wa filamu, yaani muziki unaotungwa mahususi ili uandamane na picha, ukiziongoza hisia za mtazamaji hata pale wahusika wanaponyamaza. Hoja inayotangulia makala zake ni kwamba John Barry, mtunzi Mwingereza ambaye mhariri wa jarida hili amekuwa mpenzi wa kazi zake kwa miaka mingi, aliitungia Afrika Mashariki muziki mzuri kupindukia bila kuisikiliza Afrika Mashariki yenyewe, na kwamba kazi yake iliyo bora kuhusu bara hili ni ile fupi, isiyotajwa sana, aliyoitunga miaka 21 kabla ya Out of Africa. Hoja hiyo inatolewa kwa upendo, kwa kuwa anayempenda mtunzi kwa dhati hana budi kumpima kwa kipimo ambacho kazi zake mwenyewe zimekiweka.

Barry alizaliwa York mwaka 1933 na kufariki New York mwaka 2011. Baba yake alimiliki majumba ya sinema, hivyo tangu utotoni alizizoea picha pamoja na muziki wake. Alipata misingi ya utunzi kwa Francis Jackson, mpiga kinanda wa kanisa kuu la York, kisha akapiga tarumbeta na kuongoza bendi yake, John Barry Seven, kabla filamu za James Bond hazijalitangaza jina lake duniani. Kati ya tuzo tano za Oscar alizopata, tatu zilitokana na filamu mbili zilizopigwa Kenya: Born Free ya mwaka 1966, kisa cha simba jike Elsa, iliyompa tuzo ya muziki na tuzo ya wimbo alioutunga pamoja na mwandishi wa maneno Don Black, na Out of Africa ya mwaka 1985. Zikijumlishwa na Zulu ya mwaka 1964 na Cry, the Beloved Country ya mwaka 1995, zinakuwa filamu nne zilizowafundisha mamilioni ya watu wasiowahi kukanyaga bara hili namna ya kulisikia.

Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack, inasimulia maisha ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong kuanzia mwaka 1914 hadi 1931. Tuni kuu ya filamu hiyo, yaani ule wimbo usio na maneno unaorudi mara kwa mara ili umkumbushe mtazamaji kiini cha kisa, imekabidhiwa fidla nyingi zinazopigwa kwa pamoja, zikienda polepole na kupanda ngazi kwa ngazi, huku honi, ambazo ni tarumbeta za duara zenye sauti nzito na laini, zikijibu kwa chini. Wakati Denys Finch Hatton, mpenzi wa Karen, anapomrusha kwa ndege yake ndogo juu ya mabonde na makundi ya ndege wa ziwani, sauti za waimbaji wasiotamka neno lolote huingia na kuunyanyua muziki mzima, na ni vigumu kumpata msikilizaji ambaye kifua chake hakijai anapofika hapo. Barry alikuwa na kipaji cha kutokimbia: alijua kuiacha tuni ikamilike, akairudia, na marudio hayo yakawa kama pumzi ya mtu anayetazama kitu ambacho anajua atakipoteza. Hata msikilizaji aliyesimama juu ya milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma unaanzia, anaweza kuukumbuka muziki huo na kuona kwamba unalingana na ukubwa wa anachokitazama.

Hata hivyo, uzuri huo ulitokana na uamuzi maalumu. Pollack aliwahi kufikiria kuipa filamu muziki wa jadi wa Kiafrika, na Barry ndiye aliyemshawishi kwamba kisa si cha Afrika bali ni cha watu wawili wanaopendana. Kwa upande wa usimulizi, Barry alikuwa sahihi, na filamu ingeharibika iwapo ngoma zingewekwa chini ya picha kama kibandiko cha kuonyesha mahali. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko mapenzi ya watu wawili, kwa sababu kamera inapoonyesha ardhi, muziki unaosikika ni moyo wa mgeni anayeiaga ardhi hiyo, na Wakikuyu wanaoilima hawana tuni hata moja iliyotungwa kwa ajili yao.

Wataalamu wa filamu hutofautisha muziki wa ndani ya kisa, ambao wahusika wenyewe wanausikia, kama vile wimbo unaotoka redioni, na muziki wa nje ya kisa, ambao mtazamaji peke yake ndiye anayeusikia na ambao kwa hiyo hubeba mamlaka ya msimulizi. Katika Out of Africa, Mozart anaruhusiwa kuuvuka mpaka huo, kwa kuwa hupigwa kwenye gramafoni ya Denys, hata nyani wakaja kuisikiliza, na pengine husikika pasipo gramafoni yoyote. Nyimbo za wenyeji, kwa sehemu kubwa, hubaki ndani, miongoni mwa sauti za shambani na porini.

Ipo nafasi moja ambapo mambo yangeweza kuwa tofauti. Katika santuri ya filamu hiyo, safari ya Karen akipeleka mahitaji kwa majeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia imeunganishwa na wimbo wa jadi uitwao Siyawe, uliopangwa na George Senoga-Zake, mwanamuziki na mtafiti ambaye pia alikuwa miongoni mwa watunzi wa wimbo wa taifa wa Kenya. Kwa msomaji wa Ruvuma kipande hicho kina uzito wa pekee, kwa sababu vita vile vya kuigombea Afrika Mashariki ya Wajerumani havikuishia mpakani mwa Kenya: vilishuka kusini, majeshi ya kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, yakauvuka Ruvuma mwaka 1917 na kurudi upande huu mwaka 1918 yakipita karibu na Songea, na wapagazi walioubeba mzigo wa vita hivyo ni watu wa aina ileile wanaosikika wakiimba hapo. Kwa muda mfupi filamu inakuwa na masikio mawili, kisha fidla zinarudi na kuitwaa tena nchi nzima.

Kwamba Barry aliweza kufanya vinginevyo kunathibitishwa na Zulu, filamu ya Cy Endfield kuhusu mapigano ya askari wa Uingereza na Wazulu huko Rorke's Drift ya tarehe 22 na 23 Januari 1879. Humo okestra ina kazi ndogo, na tuni kuu imejengwa juu ya muziki wa Wazulu wenyewe, uliopewa vyombo vya shaba na ngoma bila kulainishwa. Mapema katika filamu kuna ngoma ya harusi mbele ya Mfalme Cetshwayo, aliyeigizwa na Mangosuthu Buthelezi, na mapigano yanapoanza, kwa sehemu kubwa okestra hunyamaza ili ngao zinazogongwa nyuma ya kilima zisikike zikikaribia. Askari wanapoimba wimbo wao wa Wales na Wazulu wakawajibu kwa wimbo wao, mtunzi anajiondoa kabisa na kuyaacha majeshi mawili yapimane kwa sauti. Huo ndio ukomavu mkubwa zaidi katika kazi zake zote za Afrika. Santuri yake, upande wa pili, ina tuni za Kizulu zilizopangwa upya kwa magitaa ya dansi, nazo zinaonyesha kijana wa miaka 30 aliyezisikiliza kwa makini na kuzifurahia.

Sifa hiyo haiisafishi filamu yenyewe, ambayo imebuni heshima ya mwisho ambayo Wazulu wanadaiwa kuwapa maadui wao, na ambayo serikali ya ubaguzi wa rangi iliwazuia Waafrika wa Afrika Kusini kuitazama. Lakini Wangoni wa Njelu na Mshope ni wajukuu wa Wanguni, jamii moja na Wazulu, waliouvuka Zambezi pamoja na Zwangendaba mwaka 1835, na mji wa Songea unawakumbuka viongozi wa vita vya Majimaji walionyongwa hapa Februari 1906 baada ya kuzikabili bunduki kwa mikuki. Aliyewahi kuisikia ligihu, ngoma ya Wangoni yenye kishindo cha miguu, anautambua mdundo wa Zulu kabla ya kuambiwa ni wa nani, na hapo muziki wa filamu unakuwa umefanya kazi ambayo Out of Africa, pamoja na tuzo zake saba, haikuijaribu.

Utetezi kwamba enzi hizo haikuwezekana kufanya zaidi haukubaliki. Henry Mancini, akiitungia muziki Hatari! ya mwaka 1962, filamu ya Howard Hawks iliyopigwa Momella karibu na Arusha, alitumia vinanda vya vidole gumba na vibuyu ambavyo Hawks alirudi navyo kutoka Afrika, akaviweka katikati ya okestra ya Hollywood. Kazi hiyo ni ya mchezo zaidi kuliko ya kina, na kipande chake kilichopendwa sana, cha matembezi ya watoto wa tembo, hakina Uafrika wowote, lakini angalau sauti za vyombo hivyo zilifika studio. Kuhusu Born Free inatosha kusema kwamba wimbo wake unastahili sifa zake, na kwamba simba ndiye mhusika pekee aliyetungiwa uhuru katika filamu iliyotoka miaka mitatu baada ya uhuru wa Kenya.

Jambo gumu zaidi kwa mpenzi wa Barry ni Cry, the Beloved Country, iliyotokana na riwaya ya Alan Paton ya mwaka 1948. Mhusika wake mkuu ni mchungaji Mzulu kutoka vijijini Natal, jimbo lilelile ambako Zulu ilipigwa, na kwa mara ya kwanza Barry alipewa kisa ambacho moyo wake ni wa Mwafrika. Alikuwa na kila sababu ya kurudi kwenye masikio ya mwaka 1964, lakini alirudi kwenye fidla za mwaka 1985, tuni ndefu zenye huzuni zikapita juu ya vilima vya Natal kama zilivyopita juu ya Ngong, na mchungaji yule akaombolezewa kwa sauti iliyokwisha kutumika kumwombolezea mwenye shamba.