Tahariri: Meno ya Plastiki Hayapo



Leo tunaacha kidogo habari za mzani wa pamba, tuseme juu ya watoto. Tangu mvua zianze watoto wengi wanaharisha. Na mtoto akiharisha, siku ya pili tu utasikia kwenye foleni ya bomba: "Huyo ana meno ya plastiki, mpelekeni kwa fundi akang'olewe."

Tunasema wazi: meno ya plastiki hayapo. Kile kitu cheupe anachokitoa fundi kwenye ufizi na kukuonyesha kiganjani ni chonge la mtoto lisilokomaa. Ni laini kama punje ya hindi bichi, ndiyo maana wakaliita plastiki au nailoni. Ukipasua ufizi wa mtoto yeyote mzima wa umri huo utalikuta. Jina lenyewe si la wahenga, lilianza kusikika sana nchini miaka ya 1980.

Mbona basi mtoto aking'olewa anapona? Swali hili tumeulizwa mara nyingi, na ni la haki. Kuhara kwa watoto wengi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, hata asingeguswa. Fundi anashukuriwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Na kuhara kunakuja wakati wa meno kwa sababu mtoto wa miezi 6 anaanza uji, anatambaa, anatia mdomoni kila anachookota, na ile kinga aliyopewa na mama tumboni imepungua. Maji nayo ni yale ya lambo tunalochangia na ng'ombe. Meno yanasingiziwa tu.

Asiyepona ndiye wa kulia. Huyo pengine ana malaria, au amekaukiwa maji mwilini, na siku mbili zimeishia kwa fundi. Halafu lile jeraha la spoku ya baiskeli au wembe: damu haikatiki, kinaingia kidonda cha kuoza, au pepopunda. Spoku iliyotoka kinywani mwa mwingine yaweza kuleta UKIMWI na homa ya ini. Mwandishi wa ubao huu naye alimpeleka binti yake, miaka hiyo. Binti alipona, lakini chonge la ukubwani liliota limepinda, na mpaka leo akicheka anaziba mdomo.

Wapo wasiokata, wananunua dawa ya maji au unga mnadani wampake mtoto ufizini. Hapo pia tahadhari. Nchini Nigeria, mwaka 2008 na 2009, dawa ya maji ya kutuliza meno iliyochanganywa na sumu iliua watoto zaidi ya 80. Hata Uingereza waliuza unga wa meno ya watoto wenye zebaki, ndugu ya hii mnayokamatia dhahabu Geita, mpaka ulipoondolewa miaka ya 1950. Watoto walivimba mikono na miguu ikawa myekundu, wengine wakafa. (Na nyie mnaochomea dhahabu jikoni, moshi ule mtoto anauvuta.)

Jino linalotoka linataka kidole kilichonawishwa kwa sabuni, au kitambaa safi kilicholowekwa maji safi ya baridi, umkande ufizi. Basi. Akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, pakiti ya lita moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na zahanati watampa vidonge vya zinki. Akiwa na homa, macho yameingia ndani, au amegoma kunyonya, msingoje kuche.

Akina baba mlioko machimboni, mkipigiwa simu mtume hela ya fundi, tumeni hela ya bodaboda ya zahanati.

Tunaiomba kamati ilete jambo hili mkutano ujao: duka letu liweke pakiti hizo wakati wote wa masika, kama linavyoweka dawa ya pamba.

Mhariri