Kikombe Kisigawanywe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana mabwenini muhula huu, nalo ni fainali ya mpira baina ya bweni letu na bweni la ng'ambo ya kiwanja. Bweni letu limecheza michezo minne bila kufungwa, na wenzetu vile vile. Walakini fainali ya mwaka jana ilimalizika kwa ugomvi, na mwenzetu mmoja alishonwa nyuzi tano kwenye kipaji. Kwa hiyo wako wanaoshauri kwamba safari hii mchezo usichezwe, kikombe kikae kwetu muhula mmoja na kwao muhula wa pili, na kila bweni liitwe bingwa asiyefungwa.

Shauri hili lina huruma, nami nililifikiri siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Silikubali.

Tarehe 25 Julai 2021, nilipokuwa bado shule ya msingi, mjomba wangu alinichukua kwa gari moshi kutoka Tabora mpaka Kigoma kutazama Simba na Yanga katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Mashindano yale ni ya mtoano, basi timu zinazofika fainali zote mbili hazijashindwa. Yanga walikuwa wamepitia hapa hapa kwetu mwezi wa Juni, wakawatoa Biashara United 1-0 katika uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Simba waliwatoa Azam kwa bao kama hilo huko Songea.

Njiani mjomba, apendaye historia kama apendavyo mpira, alinieleza kuwa ndiyo njia ya misafara ya zamani, waliyoipita wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu mabegani kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tena akaniambia kwamba Kariakoo, nyumbani kwa Simba na Yanga, ilipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Sikuwa nalijua hilo, na nadhani wengi wanaovaa jezi zile hawalijui.

Mchezo wenyewe haukuwa mzuri sana. Mukoko Tonombe wa Yanga alipewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Wenzake kumi wakashikilia kweli kweli, hata zilipobaki kama dakika kumi Taddeo Lwanga wa Simba akapiga kichwa mpira wa kona, ukaingia. Ikawa 1-0. Mjomba ni mtu wa Yanga. Majuma matatu nyuma alikuwa amewacheka Simba kwa kufungwa na Yanga katika ligi, na sasa katika kurudi hakusema neno mpaka Kaliua. Hapo akanunua mahindi ya kuchoma, akanipa moja, akasema, "Wametufunga, mpwa wangu." Basi.

Msimu uliofuata Yanga walicheza ligi nzima, michezo 30, bila kufungwa, na kombe lile lile wakalichukua. Sisemi kwamba kichapo cha Kigoma ndicho kilichowafanya wawe hivyo. Nasema tu kwamba hakikuwaua. Nao walipofikisha michezo 49 ya ligi bila kufungwa, walikwenda Mbarali Novemba 2022 wakafungwa na Ihefu 2-1. Wangeweza kuitunza sifa yao kwa kukaa nyumbani, lakini nani angeiita sifa?

Na sisi je, tumemfunga nani? Bweni moja lilituletea wachezaji tisa, kwa kuwa wengine walikuwa na malaria. Mpaka tukutane na hao wa ng'ambo, hatujui kitu juu yetu wenyewe. Yule aliyeshonwa hulala kitanda cha jirani na changu, naye ndiye wa kwanza kuuliza fainali ni lini.

Ugomvi wa mwaka jana haukuletwa na mpira. Uliletwa na refa aliyekuwa mwanafunzi wa bweni mojawapo, na mashabiki waliosimama juu ya mstari. Namwomba Mwalimu wa Michezo atafute refa kutoka mjini, kamba ifungwe hatua tano kutoka mstarini, na kila bweni likae upande wake. Wakitoka sare, wapige penalti.

Mimi ni beki wa kushoto. Winga wao ni mwepesi kuliko mimi, alinipita mara mbili katika mazoezi, na huenda Jumamosi hiyo nikawa ndiye nitakayelaumiwa bweni zima. Hata hivyo naomba tupewe Jumamosi hiyo kabla ya mitihani kuanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne