BEI YA DHAHABU SI NGUVU YETU



Siku hizi habari ni moja: dhahabu imepanda. Ni kweli. Mwaka 2000 aunsi moja, yaani gramu 31 hivi, ilikuwa chini ya dola 300 katika masoko ya ulimwengu. Mwezi wa Oktoba 2025 ilipita dola 4,000. Lakini tuulizane, ndugu: je, mchimbaji wa leo anatoa dhahabu nyingi kwa siku kuliko baba yake? Sururu ni ile ile, karai ni lile lile, na mama anayetwanga mawe bado anatwanga kwa mkono. Kilichopanda ni bei, na bei hiyo hatukuipandisha sisi. Walioipandisha wako mbali, nao waweza kuishusha bila kutuuliza.

Wazee wa Kivu wamekwisha kuyaona hayo. Kampuni ya SOMINKI iliundwa mwaka 1976, ikachimba dhahabu na kasiteriti, jiwe litoalo bati. Oktoba 1985 soko la bati likaanguka ulimwenguni. Siku ile wafanyakazi hawakuwa wavivu. Waliamka alfajiri kama jana yake. Hata hivyo kampuni ikadhoofika, na katika miaka ya 1990 ikafa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini; sembuse mtegemea bei ya mgeni?

Nguvu ya kweli ni kile ambacho mkono mmoja huweza kutoa kwa siku moja. Tuitazame basi kazi yetu. Mawe hutwangwa, unga huoshwa, zebaki hushika dhahabu, kisha zebaki huchomwa. Kwa njia hii mara nyingi hupatikana chini ya nusu ya dhahabu iliyomo ndani ya jiwe. Iliyobaki imo katika mchanga, nao mchanga huo tunautupa, au tunamwuzia kwa bei ya chini mwenye mitambo na dawa ya kuitoa. Mtu ameingia shimoni kuhatarisha maisha yake, na zaidi ya nusu ya jasho lake ameliacha pembeni mwa mto! Na moshi wa zebaki unaingia kifuani mwa mama na mtoto.

Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, wachimbaji wadogo walikuwa na shida kama hizi. Huko serikali ilijenga vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi, ili mchimbaji aone mashine ikisaga na dhahabu ikichenjuliwa vizuri. Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, na mwaka huo huo wachimbaji wadogo wakaondolewa kodi ya asilimia 18 na ile ya asilimia 5. Mwaka 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kilifunguliwa Mwanza. Sisemi kule ni peponi. Lakini kifaa, mizani na soko vimewekwa mahali ambapo mchimbaji anaweza kuvifikia.

Kwetu, dhahabu nyingi inavuka mpaka mfukoni, ikaandikwa katika daftari la nchi nyingine. Kisha tunashangaa kwa nini barabara namba 5 kutoka Uvira inameza malori wakati wa mvua. Na palipo na barabara pana vizuizi, kila mwenye bunduki ana kamba yake na bei yake. Mashine inayonunuliwa Uvira hufika Misisi imekwisha kulipiwa mara nyingi njiani. Hapo ndipo kazi yetu inapouawa, hata kabla ya sururu kugusa jiwe.

Tufanye nini? Sheria ya madini ya 2018 inamtaka mchimbaji wa mkono awe ndani ya ushirika. Vema, lakini ushirika ambao daftari lake linafungwa kabatini mwa mtu mmoja ni duka lake tu. Tudai daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Na sasa, bei ikiwa juu, kila kundi litenge sehemu ya mapato kwa pampu, kwa mashine ya kusagia, na kwa chombo cha kufungia moshi wa zebaki. Bei ikishuka tutakuwa tumechelewa.

Wengine watauliza: mashine ikija, mama watwangaji wataenda wapi? Swali hili ni la haki. Mashine ya tajiri mmoja itawafukuza. Mashine ya ushirika iwape hisa na kazi ya kuiendesha, kwa maana wao ndio waliolibeba jiwe miaka yote hii.

Nanyi wafanyabiashara wa Baraka, msiweke fedha yote katika dhahabu. Mchimbaji hula. Mikono yote ikikimbilia shimoni, muhogo na mpunga hukosa mkulima, chakula hupanda, na faida ya bei inaishia tumboni. Mtumbwi mzuri, nyavu na shamba la michikichi vitabaki siku ambayo mlima utakuwa umekwisha.

Kwa serikali twasema neno moja: ondoeni vizuizi, tengenezeni barabara. Kazi nyingine tutaifanya wenyewe.