Barazani kwa Mwalimu: Makawa ya Royal Albert Hall

Mwaka mwingine umepita, na majina ya waliotutangulia mmekwisha kuyasoma katika kurasa za mwanzo. Mwenyezi Mungu awarehemu. Safu yangu ya mwaka jana iliniletea barua nyingi, na baadhi yake za kunisahihisha. Nazishukuru zote, hata ile iliyonikumbusha umri wangu.

Mwaka huu yamezuka mabishano katika kamati ya karamu yetu ya Idi: je, patiwe muziki au usitiwe? Nimeombwa nitoe neno kwa kuwa nilisoma chuoni na skuli pia, na watu hudhani mtu wa namna hiyo ana jibu mfukoni. Fatwa sina. Nina kisa.

Ilikuwa Machi 1974, nami kijana wa miaka 15. Tulikuwa tukikaa Portsmouth. Majira yale ya baridi Waingereza wenyewe walikuwa taabuni: wachimba makaa wamegoma, umeme unapimwa kwa kijiko, na viwanda vikifanya kazi siku tatu tu kwa wiki mpaka tarehe 7 ya mwezi huo. Sisi tulikula kwa mshumaa, na mama alisema amerudi Unguja bila ya nauli.

Marehemu mama alikuwa mwanamke wa nyimbo. Zamani kwetu wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao ya sinema, na siku hiyo ilipofika, chakula cha jioni kilichelewa mji mzima. Awaara aliiona mara ngapi hata mwenyewe alikuwa hajui. Kihindi hakukijua kabisa, lakini nyimbo alizishika neno kwa neno, akiziimba huku akikuna nazi. Tulipohamia hapa aliacha. Hakuna aliyemkataza. Alikuwa akitoka alfajiri kwenda kusafisha maofisi, akirudi anapika, na jikoni mlisikika maji ya bomba tu.

Basi ikaja habari kwamba Lata Mangeshkar anakuja London kuimba katika Royal Albert Hall, naye hajapata kufanya onyesho nje ya India. Mama alinunua tiketi mbili za juu kabisa, za rahisi. Baba, ambaye mnamjua wengi wenu kwa kuwa aliwafundisha juzuu, hakusema ndiyo wala hapana. Alinyamaza siku nne. Walioishi na baba wanaelewa kuwa afadhali angegomba.

Tulifika mapema. Jumba lile ni duara, la matofali mekundu, lilifunguliwa mwaka 1871 kwa kumbukumbu ya Prince Albert, mumewe Malkia Victoria. Mbele yake, ng'ambo ya barabara, pana sanamu ya Albert mwenyewe. Siku hizi inang'aa dhahabu tangu ilipotengenezwa upya mwaka 1998, lakini wakati ule ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Mama alitandika kanga majanini akasali. Kisha akaniuliza yale maandishi yaliyozunguka jumba juu yanasema nini. Nikamfasiria nilivyoweza, kwamba jumba limejengwa kwa ajili ya kuendeleza sanaa na elimu na kazi za mikono za mataifa yote.

"Yote?" akauliza.

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Haya, twende."

Ndani alitazama juu akacheka. Darini palikuwa pameningʼinizwa vitu vya duara, vingi, na mama akasema Waingereza wameanika makawa. Kweli yalifanana na makawa ya kufunikia chakula! Baadaye nilisoma kuwa yaliwekwa mwaka 1969 kuuzuia mwangwi, maana tangu kufunguliwa jumba lilikuwa na aibu hiyo, sauti ikienda juu na kurudi. Watu walikuwa wakifanya mzaha kwamba mtunzi akipigiwa muziki wake pale anausikia mara mbili kwa tiketi moja.

Dilip Kumar ndiye aliyemkaribisha. Halafu akatokea Lata, mwanamke mdogo, na kutoka tulipokaa alikuwa kama punje ya mchele. Alipofungua mdomo, mama alinishika mkono. Wimbo wa pili au wa tatu nikasikia mtu anaimba karibu yangu, taratibu. Alikuwa yeye.

Bibi mmoja wa Kihindi aliyekaa upande wake wa pili akageuka. Nilidhani atamwambia anyamaze. Kumbe alikuwa amemsikia mama akininong'oneza. "Mama, wewe natoka wapi?" Mama akajibu, Unguja. Yule bibi alikuwa wa Kampala, miongoni mwa wale waliopewa siku 90 mwaka 1972 waondoke Uganda. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, ngeli zote ziko likizoni, lakini mama hakusahihisha hata moja. Wakaimba pamoja mpaka mwisho, wakilia bila kuona haya, nami nimekaa kati ya makoti yao nikitamani ardhi ipasuke. Miaka 15, mnajua tena.

Nimerudi katika jumba lile mara nyingi baadaye. Nilipokuwa nikifundisha, likizo za kiangazi nilikwenda kwenye maonyesho ya Proms, yaliyoanza mwaka 1895 katika jumba jingine, Queen's Hall, na yakahamia hapo baada ya lile kupigwa bomu mwaka 1941. Unalipa kidogo, unasimama. Nimekisikia kinanda chao kikubwa chenye mabomba karibu 10,000. Sauti yake nene huisikii kwa masikio, hupanda kwa miguuni. Ni muziki mzuri. Lakini kila mara huyatazama makawa kwanza.

Usiku ule tulishuka stesheni ya Portsmouth saa nane kasoro. Baba alikuwa amesimama kwenye baridi na tasbihi yake. Tulitembea kimya hata tukafika pembeni mwa njia yetu, ndipo akakohoa.

"Aliziimba zile za Awaara?"

Mama alisimama. "Kumbe wazijua?"

Baba akazidisha mwendo. Asubuhi yake mama alikuwa anaimba jikoni, na baba alikuwa anasoma gazeti lile lile ukurasa mmoja kwa muda wa nusu saa.

Wote wawili sasa wako mbele ya haki, na Lata naye alifariki Februari 2022. Santuri ya onyesho lile ilitolewa, nami ninayo, imekwaruzika kidogo tu. Kamati ikikubali nitakuja nayo. Mwenye mashine ya santuri inayozunguka sawasawa anijulishe kabla ya Ramadhani.